Waya wa Sebuleni

Zile disketi tatu zilimkaa Inspekta Teodora Machibya vibaya tangu siku alipoziona.

Zilikuwa juu ya meza yake pale kituoni, ndani ya mfuko wa nailoni, kila moja imeandikwa HABARI kwa kalamu nyekundu. Koplo Malimi aliandika kwamba alizitoa chini ya godoro la Obedi, fundi mitambo wa Redio Nyota ya Ziwa. Kwa hizo disketi tatu Obedi alikuwa mahabusu tangu Jumatano, na leo Ijumaa, saa nane mchana, alikuwa apandishwe mahakamani kwa kula njama ya kuchoma nyumba na kujeruhi. Akishasomewa shitaka hilo, dhamana asahau. Kijana wa watu angekwenda kuozea rumande mpaka mafaili yapatikane, na sote tunajua mafaili ya nchi hii yanavyopatikana.

Habari yenyewe ilianza Jumamosi. Mvuvi mmoja, jina lake Chenge, alivuka ziwa kutoka Kamanga akaenda redioni kueleza jinsi kambini kwao wanavyomwaga sumu ziwani ili wapate sangara bila jasho. Ulikuwa mwaka 1999, mwaka ambao Ulaya walitukatalia samaki, na maneno kama yale yalikuwa moto wa kuotea mbali. Redio ikampa ahadi mbili: jina lake halitatajwa, na sauti yake itageuzwa kabla ya kurushwa, hata mama yake asiitambue. Mahojiano yakahifadhiwa kwenye kompyuta ya chumba cha habari, yasubiri kipindi cha Jumatano.

Hayakuifikia Jumatano. Jumatatu watu waliichoma nyumba ya Chenge akiwa ndani. Alitoka na mikono imeungua hadi viwiko, na kabla hawajaondoka walimwambia, "Sasa kaongee tena redioni."

Kambi ile ilikuwa ya Shimba, mnunuzi wa samaki, na hilo halikuwa siri. Lakini kambi ilikuwa na wavuvi sitini. Shimba alimjuaje aliyeongea, na sauti haijarushwa? Teodora alipomhoji Jumanne, alicheka. "Mimi redio nasikiliza mpira tu, mama. Waulize wenye redio." Basi wakaulizwa wenye redio, ikaonekana kwamba ni Obedi peke yake aliyekuwa na neno la siri la ile kompyuta. Hesabu ikafungwa. Mkuu wa upelelezi aliipenda kwa sababu ilikuwa fupi.

"Malimi," Teodora alisema asubuhi ile, "mahojiano ya Chenge yalikuwa ya dakika ngapi?"

"Ishirini, afande."

"Na disketi moja inabeba sauti ya dakika ngapi?"

Koplo Malimi alikuwa kijana mrefu, mpole, mwimbaji wa besi kanisani. Alijikuna shingo. "Hapo sijui, afande."

"Mimi nimeuliza. Jana nimekwenda pale Nyamagana kwa wale wanaofundisha kompyuta. Wanasema disketi moja haibebi hata dakika, ni nusu tu. Dakika ishirini zinataka disketi arobaini. Wewe umeniletea tatu."

"Labda nyingine alizificha, afande."

"Arobaini kutoa tatu, thelathini na saba. Ulipekua chumba kimoja chenye godoro moja na ndoo. Zilikuwa wapi, kwenye ndoo?"

Malimi aliitazama kofia yake aliyoishika mkononi. "Saa nane mimi ndiye ninayempeleka mahakamani, afande. Nimeshapangwa."

"Mpeleke. Mimi natoka kidogo."

Teodora hakuwa na gari. Gari la kituo lilikuwa halina mafuta, ugonjwa wake wa kila mwisho wa wiki. Akapanda basi hadi Buswelu, akashuka, akapanda kile kilima cha mawe kwa miguu huku akihema na kuwalaani wote wanaojenga redio juu ya vilima. Ilikuwa saa nne.

Redio Nyota ya Ziwa ilikuwa uani kwa mtu. Clavery Kashaija, Mhaya wa Bukoba, alikuwa ofisa wa shirika la umma lililouzwa. Alipopewa kiinua mgongo hakununua daladala kama wenzake, alinunua mlingoti wa redio. Vyumba vitatu vya uani vilivyojengewa wasaidizi wa nyumba vikawa studio, chumba cha habari na stoo. Nyumba kubwa ya mbele akaishi mwenyewe na mkewe Bernadeta na binti yao Queen.

Clavery alimpokea barazani, tai shingoni.

"Inspekta, mimi nilidhani jambo hili limekwisha. Fundi wenu mmeshamkamata."

"Fundi wako, mzee. Sisi tumemkamata tu. Naomba kuona kompyuta zako."

"Ni mbili. Ya studio na ya habari."

"Obedi ananiambia ni tatu."

Clavery aliirekebisha tai ambayo haikuwa na kosa. "Ya tatu ni ya nyumbani. Ya mama na mtoto. Inapiga miziki tu. Haijaunganishwa popote."

Teodora alikuwa na kasoro moja ambayo wakubwa wake waliilalamikia: mtu akimjibu swali ambalo hajaulizwa, anaganda hapo hapo. Yeye hakuuliza kama imeunganishwa. Akavua viatu mlangoni, akaingia sebuleni.

Ilikuwa sebule ya mwenye nazo. Televisheni kubwa, video, spika mbili zinazomfikia mtu kifuani, na kati yao kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio za zamani zilivyofunikwa. Bernadeta alitoka jikoni akifuta mikono.

"Shikamoo dada," alisema, maana Teodora alimzidi umri na cheo.

"Marahaba mdogo wangu. Hii mashine inafanya kazi gani?"

"Hiyo? Inatupigia miziki. Siku hizi kaseti tumeziacha. Nawasha, nabonyeza pale pa njano, nyimbo zinakuja zenyewe mpaka nichoke."

"Nyimbo zimo humo ndani?"

"Mimi sijui zimo wapi, dada. Mimi ni pale pa njano tu."

Teodora aliinama nyuma ya kabati. Nyaya za umeme zilikuwa mbili na za spika mbili. Wa tano ulikuwa mweusi, mnene kama wa antena, lakini ulichomekwa kwenye kompyuta na wala haukwenda kwenye televisheni. Akaufuata kwa kidole. Ulipita chini ya zulia, ukapanda pembeni mwa dirisha, na kuanzia hapo mtu alikuwa ameupaka rangi ya ukuta. Ukapita nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, ukatoka kwenye tundu la hewa kuelekea uani.

"Mzee, huu waya unakwenda wapi?"

"Antena," alisema Clavery.

"Ya nini?"

"Ya... ya televisheni."

"Basi nikiuchomoa, itakayokufa ni televisheni." Na bila kuomba ruhusa akazungusha kile kichwa cha waya, akakivuta, kikatoka.

Televisheni haikuwa imewashwa, kwa hiyo haikuwa na la kusema. Haikupita dakika mbili, mlango wa uani ukafunguliwa na mtangazaji mmoja akaingia mbio, karatasi mkononi.

"Mzee, kompyuta za huko zote mbili zimeachana. Taarifa ya habari ya saa tano siipati. Obedi hayupo, sasa tunafanyaje?"

Teodora akaurudisha waya mahali pake. "Kajaribu sasa, mwanangu. Utaipata."

Kijana alipoondoka, Teodora akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa.

"Haya, mzee Kashaija. Nimechoka kwa kile kilima chako. Niambie kweli tumalize."

Clavery naye akakaa. Kweli ilimtoka kidogo kidogo, kama mtu anayeng'olewa jino. Waya aliuvuta Obedi mwenyewe, mwezi wa pili, kwa amri ya bosi. Nyimbo zote za redio zilikuwa zimewekwa ndani ya kompyuta ya chumba cha habari, kwenye folda moja. Kwa nini kununua nyimbo mara mbili? Obedi akaifungua folda hiyo moja, ya MIZIKI, ionekane sebuleni, akaiwekea neno la siri. Mengine yote akayafunga.

"Kwa hiyo kutoka hapa sebuleni mtu angeweza kusikia miziki tu."

"Miziki tu."

"Hadi lini?"

Clavery alimtazama mkewe. Bernadeta ndiye aliyejibu.

"Hadi kipaimara cha Queen, dada. Jumapili. Mimi nilitaka zile nyimbo za kwaya za nyumbani, na Obedi alikuwa ameziweka kwenye folda nyingine. Jumamosi jioni Obedi alikuwa ameshaondoka. Na lile neno la siri mimi kila siku nalisahau. Nikamwambia baba Queen afanye maarifa."

"Ukafanya maarifa," Teodora alimwambia Clavery.

"Nilisoma kompyuta wiki moja," alisema Clavery kwa sauti ndogo. "Ile ya habari Obedi aliiacha imefunguliwa, na kuchagua folda moja moja niliona ni kazi. Nikafungua yote. Na neno la siri nikaliondoa."

"Yote. Pamoja na folda ya HABARI."

"Mimi sikuwaza habari, inspekta. Mimi niliwaza sherehe."

"Na Jumatano tulipomchukua Obedi mbele ya mkewe, ulikuwa umesimama pale pale mlangoni kwake. Hukuwaza kutuambia?"

Redio ya Clavery ilikuwa na leseni ya muda. Teodora alimwona wazi akiipima leseni ile na miaka ya Obedi gerezani, na akaona ni upande gani uliokuwa umelemea. Ikamchukiza.

"Mama Queen, washa. Fanya kama ulivyofanya Jumapili. Usiruke hata kitu kimoja."

Bernadeta akaondoa kitambaa, akawasha. Kompyuta ikachukua muda wake kuamka. Kwenye kioo kukatokea kafolda ka njano kanakobebwa na mkono. Akakabonyeza mara mbili, akachagua vyote, mashine ikaanza kupiga. Ikaja kwaya. Ikaja kwaya nyingine. Likaja tangazo la sabuni. Ikaja rumba. Kisha sauti nzito ya mtangazaji ikatangaza msiba wa mzee fulani, pamoja na orodha ya ndugu popote walipo.

"Na hili la msiba lilipita wakati wa sherehe?"

"Lilipita, dada. Watu wakanyamaza kidogo kwa heshima, halafu wakaendelea kula."

"Hawakushangaa?"

"Washangae nini? Hii ni nyumba ya redio. Kila sauti inayosikika hapa watu wanajua ndiyo iko hewani. Hata mimi nilidhani baba Queen ameweka redio."

Teodora alikuwa bado analitafuna hilo jibu pale spika zilipokwaruza na mwanaume akaanza kuongea. Hakuwa mtangazaji. Aliongea polepole, kwa Kiswahili cha Sengerema, akikohoa kila baada ya maneno mawili matatu. Alisema wanafunga sumu kwenye mifuko, wanaitumbukiza alfajiri, na ikifika saa mbili samaki wanaelea tumbo juu. Sauti haikuwa imegeuzwa. Ilikuwa ya Chenge mwenyewe, na kikohozi chake.

Hakuna aliyeiba kitu. Siri ya mtu iliwekwa mezani pamoja na pilau, wageni zaidi ya themanini wakaisikiliza wakila, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba Mwanza nzima imesikia. Kwa nini mtu afiche jambo lililokwisha kutangazwa redioni? Mtu mwingine angecheka. Teodora alikumbuka mikono ya Chenge ilivyofungwa bendeji.

"Shimba alialikwa?"

"Alialikwa," alisema Clavery. "Anatuletea matangazo. Ila sikumbuki kama alifika."

"Hukumbuki."

"Wageni walikuwa wengi, inspekta."

Bernadeta alikuwa akiwatazama wote wawili. Sasa aliinuka bila kumwangalia mumewe, akafungua kabati la chini, akatoa mkanda wa video. "Tulipiga picha sherehe nzima. Sisi wenyewe hatujauangalia bado. Tangu Jumatatu hatuna hamu."

Wakauweka. Teodora aliomba wapeleke mbele mpaka kwenye chakula. Queen akapita na gauni jeupe, paroko akabariki, vigelegele, foleni ya sahani. Mpiga picha alikuwa mmoja wa wale wanaopenda kuwafuata watu wakitafuna. Alitembea meza kwa meza. Nyuma ya kelele zote mtangazaji akatangaza msiba. Kisha, hafifu, kikohozi.

"Hapo. Acha icheze."

Kamera ilikuwa imesimama mbele ya meza ya pembeni, chini ya turubai. Ilimwonyesha mtu mmoja, shati la kitenge, sahani mapajani. Mtu yule alisikiliza, akaacha kutafuna, uso ukamchangamka kama wa mtu aliyekutana na ndugu safarini. Akamwinamia jirani yake wa kushoto, ambaye kamera haikumfikia. Kipaza sauti kilikuwa karibu, maneno yakanaswa.

"We, huyu si Chenge huyu? Chenge wa kambi ya ng'ambo. Nimechunga naye ng'ombe, kikohozi chake nakijua."

Jirani akauliza kitu. Vigelegele vikakimeza.

"Ndiye kabisa," akasema mtu wa kitenge, akicheka. "Leo kawa mtu wa redio."

Kamera ikahamia meza nyingine.

"Rudisha," alisema Teodora.

Bernadeta akarudisha. Wakatazama tena, mara ya pili na ya tatu, ingawa Teodora alikuwa amemtambua mtu yule tangu mara ya kwanza. Ni mtu ambaye yeye alikuwa akimpa kazi kila asubuhi.

"Huyu ni wa jumuiya yetu," alisema Bernadeta. "Anaimba besi. Si ni askari wenu huyu, dada?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Teodora akautoa mkanda, akaufunga kwenye khanga ya Bernadeta, akamwomba Clavery ufunguo wa gari. Hakumwomba kwa upole, na Clavery hakuthubutu kuuliza atalirudisha lini.

Alifika mahakamani saa saba na dakika arobaini. Kwenye baraza la nyuma, juu ya benchi la saruji, Koplo Malimi na Obedi walikuwa wamekaa bega kwa bega, pingu moja imewaunganisha mkono kwa mkono. Obedi alikuwa na ndevu za siku mbili na shati lililokosa vifungo. Teodora akasimama mbele yao.

"Malimi, Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kwenye kipaimara, afande. Buswelu."

"Ulikaa na nani?"

Malimi aliuona ule mkanda unavyochungulia kwenye khanga. Akaelewa mara moja. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuuma Teodora zaidi.

"Ninaonekana, afande?"

"Wewe unaonekana na unasikika. Wa kushoto kwako hayumo. Mpiga picha alimkosa."

Teodora alijua Malimi anachohesabu. Bila yeye, mkanda ule ulikuwa picha ya mtu anayekula pilau. Clavery hakumbuki, Shimba anasikiliza mpira tu, na fundi yupo tayari kwenye pingu. Alichotakiwa Malimi ni kusema tu kwamba amesahau; sare yake ingebaki mwilini, na Shimba asingejua kamwe kwamba alitajwa.

"Ningeweza kukutisha," Teodora alisema. "Sina cha kukutishia. Karani anaita majina baada ya dakika ishirini."

"Mimi nilidhani iko hewani, afande," alisema Malimi. "Naapa. Nilifurahi tu, kusikia mtu wa kwetu. Akaniuliza Chenge yupi, nikamwambia. Akaniuliza anakaa upande gani wa kambi, nikamwambia. Nilimwelekeza mpaka mti wa mlangoni."

"Nani?"

Obedi alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Shimba," alisema Malimi. "Hakumaliza hata soda yake. Alisema ana wageni, akaondoka. Na Jumanne niliposikia Chenge amechomwa, nilijua. Halafu ikasemekana ni mtu wa redio aliyetoa siri, mkuu akaniambia nikapekue. Zile disketi zilikuwa juu ya meza ya Obedi, afande. Chini ya godoro ni mimi niliyeandika."

Teodora alitoa karatasi za maelezo kwenye mkoba, akaziweka benchini pamoja na kalamu. Malimi akajaribu kuandika, ikashindikana. Mkono wake wa kuandikia ndio uliokuwa kwenye pingu. Akatafuta ufunguo mfukoni, akaifungua. Akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa, akaweka sahihi, na chini yake akaandika namba yake ya uaskari. Teodora akazisoma, akazikunja. Mwendesha mashtaka alikuwa chumba cha pili, na hati ya kumkamata Shimba ingetoka kabla ya saa tisa.

"Obedi, kaa hapo hapo kidogo. Nikirudi unakwenda nyumbani kwa mkeo."

Alikuwa ameshapiga hatua tatu aliposikia Obedi akiongea. Hakuwa akiongea na yeye.

"Koplo, hizi asubuhi mbili ulikuwa unaniletea chai na chapati kutoka kwako. Mimi nikawaambia wenzangu mle ndani, yule koplo mrefu ana utu. Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," alisema Malimi.

"Tangu ile ya kwanza?"

"Ndiyo maana nilikuwa naleta."

Obedi akajisugua pale pingu ilipombana. Kisha akainuka, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi.